Chembe Iliyotangazwa na Chembe Iliyopatikana

Wako katika jamaa zetu wanaotuuliza, na baadhi yao hutuuliza kwa kucheka, kwa nini sisi tuliokula umri wetu mbele ya ubao na chaki twajishughulisha na habari za chembe ambazo jicho halizioni, wala mkono hauzishiki, wala sokoni haziuzwi. Twawajibu kwamba katika habari hizo mna funzo linalohitajiwa na kila nyumba yenye watoto wanaosoma. Na kwa kuwa jibu lenyewe ni refu kuliko yafaavyo barazani, tumeona vyema kuliandika hapa.

Tunalo daftari kubwa la jalada jeusi, ambamo tangu mwaka 2003 tumekuwa tukiandika habari za elimu ya maumbile kila zitufikiapo. Kanuni yetu ni moja: habari mpya huandikwa kwa kalamu ya risasi, wala haitiwi wino mpaka watu wengine, kwa vyombo vingine, wamekwisha kuipima nao wakaiona. Katika daftari hilo ziko kurasa mbili ambazo twapenda vijana wetu wazisome pamoja. Wa kwanza umeandikwa kwa risasi, na juu yake umepitishwa mstari. Wa pili umetiwa wino. Zote mbili zaeleza kitu cha namna moja, kiitwacho pentakwaki.

Hapana budi tuanze na msingi. Mwanafunzi hufundishwa shuleni kwamba kila kitu kimeundwa kwa atomu, na kwamba katikati ya atomu mna kiini, na katika kiini mna protoni na nyutroni. Mwaka 1964 wataalamu wawili, Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake bila ya kushauriana na mwenziwe, walitoa rai kwamba hata protoni na nyutroni zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi. Gell-Mann aliziita kwaki, na jina hilo ndilo lililoshika. Protoni ina kwaki tatu, na nyutroni pia ina tatu. Ziko na chembe nyingine, ziitwazo mesoni, ambazo zina kwaki moja na kwaki kinyume moja, yaani mwenzi wa kwaki ambaye chaji yake imegeuzwa. Ukoo mzima wa chembe zilizoundwa kwa kwaki huitwa hadroni.

Basi kwa miaka mingi hadroni zote zilizojulikana kwa hakika zilikuwa za namna hizo mbili: za tatu tatu na za mbili mbili. Lakini Gell-Mann mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1964, alikwisha kutaja kwamba hesabu haizuii kuwako mkusanyiko wa nne au wa tano. Hizo ndizo hadroni za kigeni. Zenye nne huitwa tetrakwaki, na zenye tano huitwa pentakwaki. Kwamba hesabu haikizuii kitu si dalili kwamba kitu hicho kipo. Ikabidi watu waende wakatafute, na kutafuta huko kukachukua miongo kadhaa.

Je, hutafutwaje? Hadroni ya kigeni haipatikani kwa kuchimba ardhi. Hapana budi iumbike upya katika mgongano, kwa kuzikimbiza chembe mpaka mbio zao zikaribie mbio za mwanga, kisha kuzigonganisha na nyingine. Nguvu ya mgongano hugeuka ikawa chembe mpya, na huenda miongoni mwao ikawamo ile inayotafutwa. Lakini haikai. Huvunjika kwa muda mfupi mno, hata hakuna chombo kiwezacho kuiona yenyewe. Vinavyoonekana ni vipande vyake vikitawanyika.

Tuchukue mfano wa ghala. Usiku magunia ya mchele yamepasuka, na mchele umetapakaa sakafuni katika marundo. Mwenye ghala aingiapo asubuhi hakuti gunia hata moja lililo zima, wala hajui yalikuwa ya uzito gani. Akichukua marundo mawili mawili akayapima pamoja, jumla nyingi zitakuwa za ovyo: kilo 31, kilo 44, kilo 58, kwa sababu ameunganisha rundo la gunia hili na rundo la gunia lile. Lakini kila apatapo marundo mawili yaliyotoka katika gunia moja, jumla itakuwa kilo 50. Akipima mara nyingi na kuziandika jumla zote katika chati, zile za ovyo zitaenea kama uwanda, na penye 50 patainuka kilima. Kilima hicho ndicho shahidi wa magunia ambayo hakuyaona. Ndivyo wafanyavyo wataalamu: hupima vipande, hukadiria uzito wa mzazi wao, huandika katika chati, kisha hutazama kama pana kilima.

Ugumu wote umo katika kilima hicho. Uwanda wa chati si laini kama meza; una matuta na mashimo yaliyoletwa na bahati tu. Mtu akirusha shilingi mara 10, akapata upande wa kichwa mara 7, hapana cha ajabu. Akirusha mara 1000, akapata kichwa mara 700, hapo ana haki ya kuitilia shaka shilingi yenyewe. Kwa hiyo watu wa fani hii wamejiwekea kipimo kigumu. Hawaliiti jambo ugunduzi mpaka kilima kiwe kirefu kiasi kwamba bahati peke yake ingekileta mara moja tu katika majaribio kiasi cha milioni 3 na nusu. Kipimo hicho hukiita sigma tano.

Sasa tufungue ukurasa wa kwanza. Mwaka 1997 wataalamu watatu, Dmitri Diakonov, Victor Petrov na Maxim Polyakov, walitabiri kwa hesabu kwamba iko pentakwaki nyepesi, uzito wake kiasi cha mara 1.6 ya uzito wa protoni, na kwamba kilima chake kitakuwa chembamba. Mwaka 2003 kundi la wataalamu lililoongozwa na Takashi Nakano, katika mtambo wa SPring-8 huko Japani, likatangaza kwamba limeiona. Walikuwa wameugonganisha mwanga wa leza na elektroni zenye mbio kubwa, mwanga ukarudi nyuma ukiwa miale ya gama yenye nguvu nyingi, na miale hiyo ikazipiga nyutroni zilizomo ndani ya kaboni. Katika chati yao pakainuka kilima karibu kabisa na pale palipotabiriwa. Chembe ikapewa jina la herufi ya Kiyunani, Theta.

Kilima hicho kilikuwa na matukio mangapi? Yalikuwa 36. Katika hayo, 17 yalikadiriwa kuwa ya uwanda wa kawaida, na 19 ndiyo yaliyozidi. Hesabu yao ilitoa sigma 4.6, iliyo karibu na tano lakini si tano. Tuliandika tarakimu hizo kwa risasi, tukangoja.

Hatukungoja sana. Mwaka ule ule na uliofuata vikundi vingine kiasi cha kumi vilisema vimeiona Theta: Moscow, Bonn, Hamburg, Virginia na penginepo. Wataalamu wa hesabu wakaandika makala mengi mno kueleza umbo lake na jamaa zake. Magazeti yakaeneza habari. Msomaji atasema: mashahidi kumi hawatoshi?

Twasema kwamba idadi ya mashahidi hutosha pale ambapo kila mmoja ameona kwa jicho lake, na ameona vizuri. Watu wa pwani wanaijua habari hii kuliko wengi. Jioni ya kuandama mwezi, mtu akisema kwa sauti kwamba hilali iko juu ya mnazi ule, wote waliosimama naye hukaza macho juu ya mnazi ule ule, na kijiwingu chembamba humwonyesha kila mmoja kile anachokitaka. Ndipo mwenye busara huwauliza mmoja mmoja, kando: uliuona wapi, pembe zake zilielekea wapi, ulikaa muda gani? Mashahidi wa Theta walipoulizwa hivyo, wengi wao walikuwa na matukio makumi machache tu kama wale wa kwanza, na uzito walioutaja haukulingana sawasawa. Na vikundi vingine vilivyokuwa na matukio mengi zaidi vilitazama visione kitu.

Liko na jambo jingine ambalo vijana wanaosoma sayansi yafaa walishike. Katika kuchambua matukio mtaalamu hana budi kuchagua: haya niyachukue, yale niyaache, kwa kuwa mengi ni takataka. Akichagua kabla ya kuiona chati, uchaguzi wake ni wa haki. Akichagua huku akiitazama, na kila uchaguzi unaokiinua kilima akauona mwema, na kila unaokishusha akauona mbaya, basi atakijenga kilima kwa mikono yake mwenyewe bila ya kutamka uongo hata mmoja. Ndiyo maana siku hizi vikundi vingi huificha kwanza ile sehemu ya chati wanayoitamani, wakapatana juu ya namna ya kuchagua, kisha ndipo wakaifunua.

Hapa twafika kwenye mistari ambayo katika daftari letu tumeipigia mstari mara mbili. Kundi liitwalo CLAS, katika maabara ya Jefferson, mji wa Newport News, Virginia, Marekani, lilikuwa miongoni mwa waliosema mwaka 2003 kwamba wameiona Theta. Lilikuwa na heshima yake ya kulinda. Lingeweza kunyamaza na kuwaachia wengine wabishane. Badala yake lilirudia jaribio lile lile, kwa mgongano wa namna ile ile, likakusanya data zaidi ya mara 30 kuliko za kwanza. Kama kilima kilikuwa cha kweli, kingesimama sasa mfano wa mlima. Mwaka 2005 kundi hilo likaanza kutangaza matokeo yake, na mwaka 2006 likachapisha habari ya jaribio hili: hapana kilima. Lilichapisha katika jarida lile lile la fizikia ambamo lilikuwa limechapisha habari ya kwanza, na likataja waziwazi kwamba jaribio hili jipya linahusu neno lililolisema lenyewe.

Kundi la Japani lilichapisha tena mwaka 2009 likieleza kwamba bado laona dalili. Lakini fani kwa jumla haikuikubali. Kitabu cha marejeo cha chembe, kinachotungwa na kundi la wataalamu wa mataifa mengi, kilikwisha kuiandika habari yote hii katika chapa yake ya mwaka 2008 kuwa ni kisa cha ajabu katika tarehe ya sayansi. Nasi tukachukua rula tukaupitisha mstari. Ukurasa hatukuurarua, maana huo ndio tuwaonyeshao watoto.

Lakini isidhaniwe kwamba anayekana ndiye mwenye haki siku zote. Mwaka 2007 kundi la Belle, katika mji wa Tsukuba, Japani, lilitangaza chembe iitwayo Z(4430). Chembe hii ilikuwa na kwaki iitwayo haiba pamoja na kinyume chake, ambazo chaji zao hufutana. Na juu ya hayo chembe yenyewe ilikuwa na chaji. Basi hapana budi ndani yake kulikuwa na nyingine mbili, jumla nne. Wapinzani wao wa kundi la BaBar, huko California, walipekua data zao, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha. Ubishi ukakaa miaka. Mwaka 2014 kundi la tatu, LHCb, likatazama matukio zaidi ya 25,000, likaiona Z(4430) bila ya shaka yoyote. Safari hii aliyesema iko ndiye aliyepatia. Katika hali zote mbili hukumu ilitolewa na kipimo kikubwa zaidi, wala si na sauti kubwa zaidi.

Kundi hilo la LHCb ndilo lenye ukurasa wetu wa pili. Wahenga wamesema: usione vyaelea, vimeundwa. Karibu na mji wa Geneva, penye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, umechimbwa chini ya ardhi mfereji wa mviringo wenye urefu wa kilomita 27. Ndani yake protoni hukimbizwa pande mbili zinazoelekeana, zikiongozwa na sumaku zilizopozwa mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri, ubaridi uliokaribia mwisho wa ubaridi. Mafungu ya protoni yanaweza kupishana mara milioni 40 kwa kila sekunde moja. Kigunduzi cha LHCb, ambacho kimewekwa mahali pamojawapo penye migongano hiyo, kina urefu wa mita 21 na uzito wa tani 5,600.

Wataalamu wake walikuwa wakichunguza chembe nzito iitwayo Lambda-b, ambayo pengine huvunjika ikatoa protoni, kaoni na mesoni iitwayo J/psi. Hawakuwa wameianza kazi hiyo kwa ajili ya kutafuta pentakwaki. Lakini walipojumlisha uzito wa protoni pamoja na wa J/psi, kilima kikajitokeza. Na mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kisa cha Theta walikuwa wakikijua wote. Wakajiuliza kama kilima hicho ni kivuli cha chembe nyingine zinazojulikana. Wakazijaribu zote, moja baada ya moja na zote pamoja, na chati haikukubali kuelezwa mpaka watie chembe mbili mpya. Matukio yao hayakuwa 36. Yalikuwa kiasi cha 26,000, na kila mojawapo ya chembe hizo mbili ilipita sigma 9. Ndipo, mwezi wa Julai mwaka 2015, wakatangaza.

Hata baada ya kutangaza hawakulala. Mwaka 2016 waliipima data ile ile kwa njia nyingine isiyotegemea dhana zile za kwanza, na jibu likawa lile lile. Mwaka 2019, wakiwa na matukio mara tisa zaidi, wakaona pentakwaki ya tatu. Tena wakaona kwamba kile walichokiita kilima kimoja, kwa kweli ni viwili vilivyokaribiana. Ama ile chembe nyingine ya mwaka 2015, yenye kilima kipana, walisema kwamba uchambuzi wao mpya hauwezi kuithibitisha wala kuikanusha. Twawaomba wasomaji waitazame vizuri kauli hiyo. Watu waliokwisha kusifiwa duniani kote kwa ugunduzi wa chembe mbili waliandika wenyewe kwamba ya moja imesimama na ya pili ingali inangoja.

Mlango huu haujafungwa. Tetrakwaki na pentakwaki nyingine zimeonekana tangu wakati huo, na wataalamu wangali wanabishana kuhusu umbo lao. Wako wasemao kwamba kwaki tano zimebanana pamoja kama punje ndani ya ganda moja. Wako wasemao kwamba ni hadroni mbili, moja ya kwaki tatu na moja ya mbili, zilizoshikana kwa ulegevu kama ngalawa mbili zilizofungwa kamba bandarini. Vilima vya mwaka 2019 viko karibu sana na uzito wa jozi za hadroni za namna hiyo, na jambo hilo limewapa nguvu wa rai ya pili. Lakini neno la mwisho halijasemwa.

Haya yote yangeweza kubaki ndani ya daftari letu, kama si mpwa wetu. Kijana huyu, mtoto wa dada yetu, anasoma fizikia mwaka wa pili katika chuo kikuu kimojawapo cha nchi yetu. Alikuja kwetu Tanga wakati wa likizo fupi, akawa hali vizuri wala hazungumzi. Siku ya tatu akatueleza. Yeye na wenzake watatu walipewa kazi ya kupima nguvu ya mvuto wa ardhi kwa kipande cha chuma kilichofungwa uzi kikaachwa kipembee. Walipima mara 20. Vipimo 14 vilitoa jibu lililo karibu na lile la kitabuni, na 6 vikatoa jibu la chini.

"Mjomba," alisema, "wenzangu wamevifuta vile sita. Wanasema kila mtu hufanya hivyo. Ripoti iko tayari, imebaki saini yangu tu."

Hatukumjibu mara ile. Tulimpa daftari, tukamwonyesha kurasa mbili, tukaenda zetu sokoni. Tuliporudi alikuwa amekwisha kuzisoma, na alikuwa na swali moja.

"Wale watu wa Virginia, mjomba, walipojikana wenyewe, walifukuzwa?"

"Hawakufukuzwa, mwanangu. Maabara yao ingali inafanya kazi, na wakisema neno, watu huwasikiliza."

"Na mimi wenzangu wakikasirika?"

"Watakasirika," tulimwambia, kwa kuwa haikufaa kumdanganya katika jambo hilo hilo.

Alirudi chuoni kabla ya likizo kwisha. Alikataa kutia saini, akaviandika vipimo vyote 20 kwa utaratibu wa saa vilipopimwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba vile sita vilikuwa vya mwisho, vimefuatana. Uzi ulikuwa umelegea kwa uzito wa chuma ukarefuka, na wao walikuwa wakihesabu kwa urefu wa asubuhi. Vipimo vilivyofutwa vilikuwa vikieleza habari za uzi. Wakaomba kurudia, safari hii kwa waya mwembamba, wakipima urefu kila baada ya vipimo vitano. Ripoti ilichelewa, na kwa kuchelewa ikakatwa alama. Wawili katika wenzake wamekwisha kupatana naye. Wa tatu, ambaye alikuwa akitegemea alama zile kwa ajili ya ufadhili wake, hata leo hamwitikii akimsalimu. Nasi hatuna la kumfariji juu ya hilo, ila kwamba asiache kumsalimu.

Tulipoisimulia habari hii barazani, mzee mmoja alituuliza swali lile lile la siku zote: na hizo pentakwaki, zina faida gani? Insafu yatutaka tukiri kwamba hakuna hata moja iliyokwisha kuchemsha chungu cha mtu. Faida yake ni ya kujua. Mwili wa mwanadamu, na jiwe, na maji ya bahari, karibu uzito wake wote ni wa protoni na nyutroni. Na katika uzito wa protoni, kwaki zenyewe zina kiasi cha sehemu moja tu katika mia. Sehemu 99 zilizobaki hutokana na nguvu inayozishika kwaki pamoja na mwendo wao ndani ya kifungo hicho. Nguvu hiyo ndiyo inayotupa uzito, na bado wataalamu hawawezi kueleza kwa wepesi kwa nini hufunga tatu na mbili kila mahali, na tano kwa nadra. Kila hadroni ya kigeni ni kipimo kipya cha nguvu hiyo. Mzee alitikisa kichwa, akasema kwamba hajaelewa yote, lakini ameelewa kwamba hao si watu wa mchezo.

Basi enyi vijana wetu, mtakapoingia maabara, au ofisi ya hesabu, au zahanati, au chumba cha gazeti, mtakutana na matukio yenu 36. Yatakuwa mazuri, yatakuwa pale pale mlipoyatazamia, na wenzenu kumi watakuwa wamekwisha kuyashangilia. Andikeni mlichokiona, pamoja na mlichokitupa na sababu ya kukitupa. Kisha pimeni tena, kwa kipimo kikubwa kuliko cha kwanza. Likithibiti neno lenu, litakuwa na nguvu zaidi. Lisipothibiti, muwe ninyi wenyewe wa kwanza kulisema.

Na ninyi wazazi, mama zetu na baba zetu, twawaomba jambo moja dogo. Mtoto aletapo nyumbani karatasi ya kazi yake, swali la alama alizopata lina wakati wake. Mwulizeni kwanza alipimaje, na je, kuna chochote alichokiona kisha akakiacha? Mpeni nafasi ajibu mpaka mwisho, hata ikiwa chai inapoa.